Shajara ya mradi: kujenga upya mashine ya Benzer ya kuchambua inzi, Dodoma

17 Agosti 2024: Tunachotaka kujenga

Klabu ya sayansi ya shule yetu imeamua kujenga upya mashine ambayo Seymour Benzer aliitumia kuchambua inzi kwa tabia zao, tuone kama itafanya kazi kwa vifaa vya dukani na vya jikoni. Nitaandika kila hatua inapokamilika. Yatakayokwenda vizuri nitayapitia haraka, yatakayotugomea nitayaeleza kirefu, maana ndiyo yatakayomsaidia mwalimu mwingine anayetaka kuiga.

Kwa asiyemjua: Benzer alizaliwa New York mwaka 1921, akasoma fizikia, akapata shahada ya udaktari Chuo Kikuu cha Purdue mwaka 1947. Hakukaa sana kwenye fizikia. Miaka ya 1950 alihamia kwenye virusi vinavyoshambulia bakteria, akaonyesha kwamba jeni, yaani chembe ya urithi, si punje isiyogawanyika, bali ina sehemu nyingi ndani yake zinazoweza kuchorwa ramani moja moja. Sifa zilipomjia kwa kazi hiyo, akaiacha nayo. Katikati ya miaka ya 1960 alikwenda chuo cha Caltech, California, kutafuta jeni zinazoendesha tabia, wakati wenzake wengi wakiamini tabia ni jambo tata mno kuguswa na jeni moja. Alikuwa akieleza kwamba kilichomsukuma ni mabinti zake wawili: wazazi walewale, nyumba ileile, hulka mbalimbali tangu uchanga.

Mdudu aliyemtumia ni Drosophila melanogaster, yule inzi mdogo mwenye macho mekundu anayezunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Si inzi wa maembe anayewatesa wakulima. Huyo ni wa familia nyingine kabisa. Na huyu mdogo, ingawa vitabu vyote vinamwonyesha akiishi kwenye chupa za maabara za Marekani, asili yake ni huku Afrika. Kwa hiyo hatuhitaji kibali cha kuagiza inzi kutoka nje. Wako sokoni.

31 Agosti 2024: Kukamata na kutambua

Tumeanza wakati mzuri, msimu wa zabibu. Mtego ni chupa ya maji yenye kipande cha ndizi mbivu na hamira kidogo, mdomoni koni ya karatasi yenye tundu dogo chini. Inzi anaingia, njia ya kutoka haioni. Chupa tulizoweka kwenye makapi ya zabibu zilijaa kabla ya jua kuwa kali. Za soko la Majengo zilichelewa kidogo, na yule mama wa ndizi alituuliza kama tumetumwa na bwana afya.

Shida ni kwamba walioingia si wa aina moja. Wengi walikuwa Zaprionus, wakubwa kidogo, wenye mistari myeupe kama chaki kutoka kichwani hadi mgongoni. Hao unawatambua kwa macho matupu, watoe. Kazi ngumu ni Drosophila simulans, ambaye majike wake hawatofautiki na wa melanogaster hata kwa hadubini ya shule. Njia tuliyotumia ni ya zamani na inafaa: kila jike mmoja aliyekamatwa anawekwa kwenye chupa yake peke yake. Karibu kila jike wa porini amekwisha kupandwa na amehifadhi mbegu tumboni, kwa hiyo atataga tu. Ukisubiri wanawe, unawaangalia madume: wote wana ncha nyeusi ya tumbo na kichana cheusi kwenye miguu ya mbele, lakini wa simulans wana kibamba kikubwa cha nusu duara kwenye sehemu za uzazi, na wa melanogaster kibamba hicho ni kidogo na chembamba. Chupa ya simulans inatolewa nzima. Tumebaki na koo nne, kila ukoo wa mama mmoja.

21 Septemba 2024: Chakula, na jinsi mwani ulivyotuangusha

Chakula cha kawaida cha inzi hawa ni uji mzito wa mahindi, sukari na hamira, ulioganda kwa agari, unga wa kugandishia unaotokana na mwani. Agari ni ghali. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tano, kwao Unguja, akasema, "Mwalimu, kwetu mwani upo tele, kwa nini tununue?" Wazo zuri. Tukaletewa mwani mkavu wa elfu tatu, tukauloweka, tukauosha chumvi, tukauchemsha mpaka ukayeyuka, tukachanganya uji.

Uliganda, lakini kwa ulaini. Siku ya kwanza ya kuhamisha inzi, chupa ilipogeuzwa na kugongwa, chakula chote kiliteleza kama kitonge na kuwafunika. Sababu iko kwenye aina ya mwani. Unaolimwa zaidi Zanzibar ni ule uitwao spinosamu. Unatoa ute unaoganda laini na kunyumbulika. Aina nyingine, kotoni, ndiyo inayotoa ute mgumu, lakini haistahimili maji ya bahari yanapopata joto, na wakulima wengi imewafia. Anayeweza kupata kotoni halisi ajaribu. Sisi tulirudi kwenye agari ya unga ya duka la vifaa vya keki, gramu 50 kwa shilingi 15,000.

Kipimo tunachokitumia sasa kwa lita moja ya maji: agari gramu 10, unga wa mahindi gramu 75, sukari gramu 60, hamira kavu gramu 18. Hamira lazima ichemke pamoja na uji. Ikibaki hai inatoa mapovu na chakula kinapanda hadi kwenye pamba. Ili kuzuia ukungu maabara hutumia dawa maalumu, sisi tunatia siki nyeupe vijiko viwili vya chakula. Isitiwe jikoni uji ukichemka, maana asidi na moto kwa pamoja vinaivunja agari. Ngoja uji upoe kiasi cha kuweza kushika sufuria, ndipo uitie na kukoroga haraka.

12 Oktoba 2024: Utitiri, sisimizi, joto

Sisimizi ni rahisi: kila mguu wa meza ndani ya kopo la maji ya sabuni. Utitiri si rahisi. Uliingia na inzi wa porini, ukazaliana kwenye chakula kilichozeeka, na ukoo mmoja kati ya minne uliisha kabisa. Ukiona vumbi la rangi ya maziwa linalotembea kwenye kioo, chupa hiyo imekwisha. Usihamishe inzi waliokwisha kukaa humo, wanaubeba miguuni. Tulichofanya ni kuhamisha inzi kwenye chupa mpya mara tu wanapoanza kutoka kwenye mabuu ganda, kabla utitiri haujapanda juu yao, na kuzimwagia chupa kuukuu maji ya moto badala ya kuziacha rafuni. Koo tatu zilizobaki ni safi mpaka leo.

Joto ndilo lililotunyima usingizi. Kwenye nyuzi 25 inzi hawa humaliza kizazi, yai hadi mdudu kamili, kwa takriban siku 10. Likikaribia nyuzi 30 madume wanaanza kuwa tasa, mayai yapo lakini funza hawatoki. Chumba chetu kina bati na mwezi huu saa nane mchana hapaingiliki. Friji hatuna. Tumenunua vyungu viwili, kimoja kikubwa, kingine kinaingia ndani yake, katikati mchanga unaoloweshwa asubuhi na jioni, juu gunia bichi. Chupa zinakaa ndani. Kwa ukavu wa Dodoma maji yanakauka upesi na kuondoka na joto. Kipimajoto cha ndani kimekuwa kikisoma kati ya 23 na 26. Vyungu na mchanga, 12,000. Aliyeko Tanga au Dar asihangaike na njia hii, hewa ya pwani ina unyevu mwingi mno.

2 Novemba 2024: Mashine yenyewe

Kanuni ni hii. Kuna safu mbili za testitubu zinazotazamana mdomo kwa mdomo: sita chini, tano juu, na safu ya juu inaweza kutelezeshwa pembeni. Inzi wote wanaanzia testitubu ya kwanza ya chini. Unaigonga mashine waanguke mpaka kitakoni, unailaza chali, mwanga ukiwa upande wa safu ya juu. Unahesabu sekunde 15. Wanaokimbilia mwanga wanavuka kuingia testitubu ya juu. Unatelezesha, unagonga, waliovuka wanaangukia testitubu ya pili ya chini. Unarudisha safu mahali pake, unalaza tena. Ukirudia mara tano, inzi wamejipanga wenyewe katika mafungu sita: wasiovuka hata mara moja, waliovuka mara moja, na kuendelea hadi waliovuka mara zote tano.

Fundi seremala wa kwanza alitutengenezea fremu ya msonobari kwa 10,000. Nyumbani kwake ilikuwa imenyooka. Baada ya wiki kwenye chumba chetu ilikuwa imepinda, na kwenye pengo kati ya mbao mbili inzi walipita kama hakuna kitu. Tukafikiria mninga, bei ikatukatisha tamaa. Suluhisho lilitoka jikoni: vibao vya plastiki vya kukatia nyama, viwili kwa 18,000. Ni vizito, havipindi, na vinatelezana vyenyewe bila mafuta. Fundi aliyetoboa matundu (15,000) alivibana vyote viwili kwa pamoja na kuvitoboa kwa mpigo mmoja, ndiyo maana midomo inaoana. Hilo msiliruke. Kutoboa kimoja kimoja kwa kupima kwa rula hakutatosha.

Testitubu za kioo zina ukingo uliopinduka nje, kwa hiyo hazikai sawa na uso wa kibao. Tulikata pete za mpira kutoka tyubu kuukuu ya baiskeli, tukazivisha shingoni, tukazisukuma kwa nyuma hadi ukingo ulipolingana na plastiki. Testitubu 16 kwa 1,500 kila moja, 24,000; tano ni za akiba, na akiba imeshaanza kutumika.

16 Novemba 2024: Inzi hawataki kwenda

Majaribio ya kwanza yalikuwa ya kukatisha tamaa. Mashine haivuji, inzi wazima, lakini nusu yao wanabaki walipo na wengine wanatembeatembea kama wako matembezi ya jioni. Tulilipata tatizo baada ya kubadilisha kitu kimoja kimoja, na halikuwa moja.

La kwanza, mwanga. Tochi ya simu inaangaza katikati, testitubu za pembeni zinapata mwanga wa ubavuni. Tumeweka utepe wa taa za LED wa volti 12 (14,000) unaopita mbele ya vitako vyote, unatumia betri ya bodaboda tuliyoazimwa, kwa hiyo umeme ukikatika kazi haisimami. La pili, mwanya wa dirisha. Kwa inzi, ufa wa mlango ni mwanga kama mwanga mwingine. Blanketi jeusi limeumaliza. Anayesoma saa na kuandika anatumia tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu ya nailoni, kwa kuwa rangi nyekundu inzi hawa karibu hawaioni.

La tatu ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote: kugonga. Kwa kuogopa kuvunja vioo, vijana walikuwa wanagonga taratibu. Lakini kukimbilia mwanga huku ni tabia ya inzi aliyeshtuka. Inzi aliyetulia hana haraka ya kwenda popote. Tumeweka soli ya kandambili mezani na sasa mashine inagongwa juu yake kwa nguvu, mara tatu mfululizo. Tofauti ilionekana palepale, hata kabla ya kuhesabu.

Jambo moja la kuangalia pia: inzi waliopoozwa kwa barafu ili wahesabiwe wasijaribiwe siku hiyo hiyo. Wapumzike mpaka kesho yake. Na usiwaweke moja kwa moja kwenye barafu, jasho la ubaridi linawagandisha mbawa. Weka sahani kavu ya bati juu ya barafu.

23 Novemba 2024: Kwa nini mara tano

Mashine inafanya kazi. Fungu kubwa kuliko yote liko testitubu ya mwisho, na mafungu yanapungua kadiri unavyorudi nyuma.

Hapa ndipo wanafunzi walipoielewa akili ya Benzer, kwenye ubao. Tuseme inzi mzima ana uwezekano wa asilimia 90 kuvuka kila mara. Ukijaribu mara moja tu, inzi 10 katika kila 100 watabaki nyuma, na wote hao hawana kasoro yoyote. Ukitafuta inzi mmoja mwenye jeni iliyobadilika kati ya maelfu, utamzika chini ya rundo la wazima waliobaki kwa bahati. Lakini inzi mzima kubaki nyuma mara zote tano ni moja ya kumi, mara moja ya kumi, mara tano: mmoja katika 100,000. Anayekutwa testitubu ya kwanza mwisho wa zoezi ana cha kukueleza. Na kwa hesabu hiyohiyo, wazima watakaofika mwisho ni kama 59 katika 100, si wote. Aliye testitubu ya nne si mgonjwa.

Binti mmoja hakuridhika. "Mwalimu, tutajuaje kama hawa wa katikati si wazito kwa asili yao?" Tukawatoa wa testitubu ya tatu na ya nne, tukawapumzisha, tukawarudisha mwanzo peke yao. Walijipanga upya kama kundi zima lilivyojipanga, wengi mwishoni. Waliokuwa nyuma jana hawakuwa nyuma leo. Kwangu jaribio hilo moja lina thamani kuliko mashine yenyewe.

Kinachotakiwa pia ni jaribio la kinyume: mwanga uwekwe upande wa kuanzia. Inzi wetu wengi hapo walibaki testitubu za mwanzo. Bila hilo huwezi kujua kama walikuwa wanafuata mwanga au wanakimbia tu.

30 Novemba 2024: Inzi waliokatwa mbawa

Benzer aliwalisha madume kemikali ya kubadilisha jeni, kisha akawachambua wazao wao. Kemikali hiyo ni hatari, inasababisha saratani, na haitaingia shuleni kwetu. Tulihitaji kundi lenye tabia tofauti ambalo halihitaji sumu.

Mwaka 1918 Robert McEwen alieleza jambo la ajabu: inzi huyu akikatwa mbawa, hamu yake ya kwenda kwenye mwanga inashuka. Macho hayajaguswa, miguu haijaguswa. Tukachukua inzi wa ukoo mmoja, umri mmoja, wote wakapoozwa. Nusu wakakatwa mbawa kwa mkasi wa kucha, nusu wakashikwashikwa tu bila kukatwa. Siku mbili za kupumzika.

Wasiokatwa walijipanga kama kawaida. Waliokatwa walirundikana testitubu tatu za kwanza. Ukiisimamisha chupa yao na kuigonga wanapanda ukutani haraka kama wenzao, kwa hiyo hawajalemaa. Ukileta kivuli cha kidole wanashtuka, kwa hiyo wanaona. Ni kana kwamba inzi anajua hawezi kuruka na anapanga mambo yake upya, ingawa "anajua" ni neno ambalo nimewakataza wanafunzi kuliandika kwenye ripoti.

Ndiyo maana Benzer hakuishia kwenye mashine. Inzi aliyebaki nyuma anaweza kuwa kipofu, au mvivu wa miguu, au na jambo lingine ndani ya ubongo. Mwaka 1969 yeye na Yoshiki Hotta walipima umeme wa macho ya inzi wa namna hiyo, wakawatenganisha wenye hitilafu ya jicho lenyewe na wengine.

18 Januari 2025: Asubuhi na mchana

Baada ya likizo tulipata majibu yasiyolingana. Kundi lililojaribiwa saa mbili asubuhi linakimbia, lilelile saa saba mchana linasinzia. Inzi hawa huchangamka alfajiri na jioni na kulala mchana, lakini saa saba pia kuna joto, na kwa vifaa vyetu siwezi kuvitenganisha hivyo viwili. Tumeweka sheria: majaribio yote kati ya saa moja na nusu na saa tatu asubuhi.

Saa hii ya ndani ya mwili, inayopanga kuchangamka na kulala, ndiyo iliyoipa maabara ya Benzer matunda yake makubwa. Mwanafunzi wake Ron Konopka aliangalia inzi wanavyotoka kwenye mabuu ganda alfajiri, akapata aina tatu zilizoharibika: moja yenye mzunguko wa saa 19, moja wa saa 28, na moja isiyo na mzunguko wowote. Zote tatu zilikuwa kwenye jeni moja, wakaiita period, wakaichapisha 1971. Mwaka 1984 makundi mawili ya watafiti Marekani yaliitenga jeni hiyo, na Nobel ya 2017 ikaenda kwa Hall, Rosbash na Young kwa kueleza jinsi saa hiyo inavyofanya kazi. Konopka alikuwa amefariki 2015, Benzer 2007.

15 Februari 2025: Kujifunza, bado

Gharama mpaka sasa: vilivyofanya kazi, pamoja na unga, sukari, hamira na siki ya 12,000, vimekula shilingi 110,000. Msonobari na mwani, 13,000, zimepotea.

Hatua inayofuata ni kumbukumbu. Mwaka 1974 Quinn, Harris na Benzer waliwafundisha inzi kuepuka harufu iliyoambatana na shoti ya umeme, na 1976 ukatangazwa dunce, inzi wa kwanza mwenye jeni mbovu ya kujifunza. Shoti siitaki mikononi mwa watoto. Kuna njia nyingine iliyochapishwa 2002: upande wenye mwanga unawekewa karatasi yenye kwinini, na inzi anajifunza kuukwepa mwanga kwa sababu ya uchungu.

Kwinini ya vidonge imekuwa adimu kwenye maduka ya dawa. Tulijaribu maji ya majani ya mwarobaini, hayafai: yana harufu, na inzi waligeuka kabla ya kukanyaga karatasi, kwa hiyo hakuna walichojifunza. Tumepata vidonge vichache vya kwinini, vimesagwa na kuchujwa. Tatizo la sasa ni ukavu. Karatasi inakauka kabla ya zamu ya tatu, na ikikauka inzi anapita juu yake bila kuonja. Tunajaribu kuchanganya kwinini na agari nyembamba na kuipaka ndani ya testitubu. Bechi ya kwanza iliganda vizuri, lakini inzi wawili walinasa humo. Ya pili ina agari mara mbili, inajaribiwa Jumamosi ijayo.